Si Kila Kisichoyeyuka Kinahimili: Titani, Joto na Vitenzi vya Mafundi wa Pwani

Upepo wa kusi unapovuma Watamu, chumvi haibaki baharini. Hupanda na upepo hadi juu ya mapaa ya hoteli na nyumba za wageni, ikatua kwenye matangi, kwenye hita za jua na kwenye kila kiungo cha bomba kilichoachwa wazi. Fundi bomba wa mji huo hufanya kazi baina ya mahasimu wawili wa chuma: chumvi kutoka nje na maji ya moto kutoka ndani. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo zamani yalikuwa fahari ya kila jengo, huliwa yakaisha. Ndiyo maana siku hizi sehemu kubwa ya maji ya nyumbani hupita katika plastiki, ambayo fundi huilainisha kwa kifaa cha umeme chenye joto la nyuzi 260 hivi, kisha akaisukuma ncha ya bomba ndani ya kiungo chake, vikagandamana vikawa kitu kimoja. Plastiki hiyo haijui kutu. Lakini ikipitishiwa maji yenye joto linalozidi nyuzi 70 mwaka baada ya mwaka, umri wake hupungua haraka.

Kwa hiyo kuna swali lisilomtoka fundi mdomoni kila aingiapo dukani kununua fitingi: "Hii inastahimili joto?" Muuzaji naye, akitaka biashara, hujibu kwa neno lilelile: "Inastahimili sana, fundi." Pesa zikatoka, kiungo kikatiwa mfukoni, na katika mazungumzo yote hayo hapana aliyesema jambo mahususi. Je, kustahimili huko ni kutoyeyuka? Ni kutolegea? Ni kutopasuka baada ya miaka mitano? Ni kutoliwa na maji ya chumvi yaliyochemka? Kitenzi kimoja kimetwishwa mizigo minne, na aliyekitwisha si fundi. Makala haya yanadai kwamba wanaostahili kulaumiwa ni wasomi wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu wameshughulika na nomino za sayansi na kuvisahau vitenzi vyake.

Hapana metali inayolidhihirisha jambo hili kama titani, ile ambayo watu wengi wa Pwani huiita titaniamu. Yamkini msomaji atashangaa titani imefikaje Watamu. Ukweli ni kwamba haikufika, ilikuwapo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Tiomin ilitambua mashapo ya mchanga wenye madini ya titani katika sehemu nne za Pwani ya Kenya: Kwale, Vipingo, Sokoke na Mambrui. Sokoke ni jirani wa Watamu, na Mambrui iko kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Ni Kwale pekee palipochimbwa. Shehena ya kwanza ya kampuni ya Base Titanium iliondoka katika bandari ya Likoni mwezi Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kwa takriban miaka kumi na mmoja, wakazi wa Pwani walilisikia jina la metali hii katika mabaraza ya fidia ya ardhi, katika siasa za mrabaha na katika taarifa za habari. Walilisikia kama jina la mali. Ni wachache mno waliopata kuelezwa, kwa lugha yao, mali hiyo ina tabia gani ikitiwa motoni.

Na tabia yake ni ya ajabu. Mchanga mweusi wa namna hiyohiyo ndio uliomvutia kasisi William Gregor huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1791, akagundua ndani yake elementi isiyojulikana. Miaka minne baadaye Mjerumani Martin Klaproth akaipa jina la Titani, majitu ya hekaya za Kigiriki yaliyozaliwa na Ardhi na Mbingu. Jina lilikuwa kubwa kuliko kazi, kwa kuwa ilichukua karne nzima na nusu hivi kabla ya William Kroll kupata njia ya kuitoa metali hiyo kwa wingi. Ugumu ulikuwa nini? Titani ikipata moto hunyonya hewa. Huvuta oksijeni, huvuta naitrojeni, na ikishavuta haiachi. Kwa hiyo haiwezi kuyeyushwa katika tanuri la kawaida la mhunzi mwenye mivukuto. Sharti iyeyushwe mahali pasipo hewa kabisa au penye gesi ya agoni. Hata leo, sehemu kubwa sana ya madini ya titani yanayochimbwa duniani haiwi metali kamwe. Huishia kuwa unga mweupe wa rangi za kuta. Mchanga mweusi wa Pwani ulikwenda ng'ambo, na si ajabu kama chembe zake zimerudi ndani ya makopo ya rangi nyeupe inayopakwa katika hoteli hizohizo za Watamu.

Sasa na turejee kwenye kiungo cha bomba. Titani huyeyuka katika nyuzi 1,668 za Selsiasi. Chuma huyeyuka katika nyuzi 1,538. Mtu akizisoma tarakimu hizi mbili huku kichwani ana kitenzi kimoja tu, kustahimili, atafikia hitimisho ambalo linaonekana kuwa la lazima: titani inastahimili joto kuliko chuma. Atakuwa amekosea vibaya. Kanuni za Shirika la Wahandisi Mitambo la Marekani, zinazofuatwa katika viwanda vingi duniani, haziiruhusu titani isiyochanganywa kubeba mgandamizo katika vyombo vya mvuke kupita nyuzi 316 hivi. Ikifika nyuzi 300, metali hiyo huwa imepoteza takriban nusu ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa baridi. Chuma cha kawaida cha kaboni, ambacho huyeyuka mapema zaidi, huaminiwa kubeba mvuke hadi kwenye nyuzi 400 na ushei. Chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi, kikichaguliwa vizuri hupita hapo kwa mbali. Titani iliyochanganywa na alumini na vanadi huongeza kiasi, ikafika nyuzi 400 hivi. Nayo pia haikaribii hata theluthi ya ile 1,668 inayotajwa kwa majivuno katika matangazo ya biashara.

Kwa hiyo metali inayochelewa kuyeyuka inaweza kuwahi kuchoka. Neno kuchoka halikuchaguliwa hapa kwa urembo. Ni neno la mafundi. Katika gereji za Malindi na karakana za jua kali za Kilifi, husemwa kila siku kwamba beringi imechoka, springi imechoka, taya ya spana imechoka. Anayesema hivyo hamaanishi kwamba kitu kimevunjika, wala kimeyeyuka, wala kimeshika kutu. Anamaanisha kwamba kingali na umbo lake lakini hakiwezi tena kazi yake. Wanasayansi waliandika vitabu vizima kuhusu hali hiyo, na fundi amekwisha kuitaja kwa kitenzi cha silabi tatu.

Mafundi hawaishii hapo. Mpira wa maji ulioachwa juani husemwa umekauka. Ukiukunja, unapasuka. Plastiki ya ndoo nayo hukauka, na anayesema hivyo hafikirii maji kabisa. Anafikiria kupotea kwa mnyumbuko, ile hali ya kitu kuwa kama kigae cha chungu. Hilo hasa ndilo linaloipata titani ikikaa wazi katika joto linalozidi nyuzi 600 hivi. Oksijeni huingia ndani ya ngozi yake, ngozi ikawa ngumu na kavu, na nyufa zikaanzia hapo. Mchomeleaji anayeunganisha viungo vya titani huisoma hatari hiyo kwa macho. Agoni ikiwa imekizunguka kiungo barabara, mshono hutoka ukimetameta kama fedha. Ukigeuka manjano hafifu, hewa ilipenya kidogo. Ukiwa na rangi ya samawati, kuna shaka kubwa. Ukiwa wa kijivu kilichofifia au wenye unga mweupe, kiungo hicho hukatwa kikatupwa, kwa kuwa kimekauka, hata kama kinaonekana kizima na hakivuji tone. Ni somo zuri la semiotiki kwa yeyote anayedhani kwamba ishara zinapatikana katika riwaya tu.

Lipo pia la kuliwa. Fundi wa Pwani hasemi kwamba bomba limepata ulikaji, husema limeliwa. Limeliwa na kutu, limeliwa na chumvi. Na hapa ndipo titani inapostahili sifa zake zote. Ikiguswa na hewa au maji tu, hujivika utando mwembamba wa oksidi usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha papo hapo. Maji ya bahari hayaiwezi. Ndiyo sababu mitambo ya Ghuba inayochemsha maji ya bahari ili kuyapata matamu hutumia titani katika sehemu zake zinazosumbuliwa zaidi. Katika mitambo ya namna hiyo, ambamo maji hupashwa moto na kugeuzwa mvuke hatua kwa hatua, maji ya chumvi hufikia nyuzi 90 hadi 110 hivi. Mtambo wa Al Ghubrah mjini Maskati, ulioanza kazi mwaka 1976, ulikuwa wa aina hiyo. Maskati ni mji ambamo Kiswahili huzungumzwa majumbani na maelfu ya Waomani ambao wao au wazazi wao walitoka Zanzibar. Kijana wa Malindi aendaye Ghuba kutafuta kazi ya ufundi anaweza kumkuta huko msimamizi anayejua Kiswahili, wakasalimiana na kuulizana habari za nyumbani kwa ufasaha wote, kisha wote wawili wakahamia Kiingereza cha kuungaunga pindi tu wanapofika kwenye valvu.

Hata katika kuliwa kuna tahadhari yake. Titani safi haiogopi maji ya bahari yaliyo baridi, wala ya uvuguvugu, wala hata ya moto yakiwa yanapita. Lakini pale kiungo kinapokutana na bomba, chini ya gasketi au ndani ya hesi, hubakia upenyo mwembamba ambamo maji hutuama. Maji hayo yakipita nyuzi 80 hivi, chumvi iliyonaswa humo huweza kuutoboa ule utando na kuanza kuila metali kwa siri. Dawa yake ni kuichanganya titani na paladi kidogo mno, chini ya robo ya asilimia moja. Hilo linatosha. Tazama basi: kiungo kilekile kinaweza kuwa salama katika nyuzi 250 za mvuke mkavu na kikahatarika katika nyuzi 90 za maji ya chumvi yaliyotuama. Muuzaji aliyejibu "inastahimili sana" alikuwa akizungumzia lipi?

Kuhusu kutanuka hakuna haja ya kusema mengi, kwa sababu Kiswahili kina neno lake na kila mtu analielewa. Bomba la mita 10 likiongezewa joto la nyuzi 100, la titani hutanuka milimita 8 na nusu hivi, la chuma cha kawaida milimita 12, na la stenlesi 16 au 17. Anayeunganisha la titani na la stenlesi bila kuacha nafasi atakuja kujua mwenyewe.

Hoja ya kitaaluma inayojitokeza hapa ni hii. Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967, na TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi kubwa na ya kuheshimiwa imefanywa katika uundaji wa istilahi. Hakuna mwenye haki ya kuibeza. Hata hivyo, mtu akizipitia orodha za istilahi zilizopo, aghalabu hukutana na majina: majina ya elementi, ya vifaa, ya viungo vya mwili, ya vipimo. Mijadala iliyopamba moto katika makongamano nayo ilikuwa ya majina. Tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Televisheni au runinga? Kipimo cha joto peke yake kimejaliwa halijoto, jotoridi na nyuzijoto, maneno matatu kwa dhana moja, huku dhana nne zikigombania kitenzi kimoja cha kustahimili. Huo ni utajiri uliowekwa mahali pasipouhitaji.

Nomino hazina shida kubwa. Titani, valvu, gasketi, soketi, fitingi: maneno haya yamekwisha kuingia, yamevaa ngeli zake, na hakuna fundi aliyewahi kuungua kwa sababu valvu haikupewa jina la Kibantu. Anaungua kwa sababu ya kitenzi. Anaungua kwa sababu aliambiwa kitu kinastahimili, akafahamu kwamba hakiyeyuki, ilhali alichohitaji kujua ni kama kitachoka. Mofolojia ya Kiswahili, ambayo wanafunzi huisifu katika kila mtihani kwa wingi wa vinyambuo vyake, ipo hasa kwa ajili ya vitenzi. Inashangaza kwamba wanaoijua zaidi ndio walioitumia kidogo zaidi katika uwanja huu.

Na lugha yenyewe ilikwisha kuonyesha njia. Himili na stahimili ni ndugu. Yote mawili yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uleule uliotupa hamali na himila. Hamali wa Bandari ya Kale ya Mombasa aliyetwikwa gunia la mchele hakuulizwa angekufa lini. Aliulizwa angelifikisha gunia wapi. Kiungo cha bomba ni hamali. Mgandamizo wa mvuke ndio gunia lake, na joto ni jua linalomchoma njiani. Kwa mantiki hiyo, kuhimili joto lingefaa litengwe liwe na maana moja tu ya kitaalamu: kuendelea kubeba mzigo uliokusudiwa katika joto lililotajwa. Kutoyeyuka kubaki kutoyeyuka. Kustahimili kurudi lilikotoka, kwenye maradhi, dhiki na ndoa, ambako linafanya kazi yake vizuri sana.

Wapo watakaopinga. Watasema maelezo ya mitambo yameandikwa kwa Kiingereza, mitihani ya ufundi hufanywa kwa Kiingereza, na kwa hiyo kumtafutia fundi istilahi za Kiswahili ni kumtengenezea mashua mtu anayesafiri kwa basi. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau maamuzi hufanyika wapi. Kitabu cha maelezo husomwa ofisini na mtu mmoja. Juu ya paa, kando ya boila, ndani ya shimo la bomba, wanaoamua ni wawili au watatu wanaosemezana, na wanasemezana kwa Kiswahili, kilichochanganyika na Kigiriama, na katika baadhi ya nyumba za Watamu na Malindi hata na Kiitaliano. Tafsiri hufanyika hapo hapo, kwa sekunde chache, na mtu ambaye hakuna aliyemfunza kutafsiri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo umefika bungeni na mahakamani kwa kiasi fulani. Kwenye kibandiko cha boila bado.

Wapo pia watakaosema kwamba kuchoka, kukauka na kuliwa ni maneno ya mitaani, hayana hadhi ya kuingia katika kamusi ya fizikia. Pingamizi hili linasikitisha zaidi kwa kuwa mara nyingi hutoka kwa watu wa Kiswahili wenyewe. Wanasahau kwamba neno la Kiingereza wanalolitafsiri kuwa uchovu wa metali ni neno la kawaida la mtu aliyechoka, ambalo wahandisi waliliazima tu. Hadhi ya istilahi hutokana na mipaka yake. Kukauka ni kukauka kwa nguo kwenye kamba mpaka kamati iketi na kuamua kwamba, katika elimu ya metali, maana yake ni kupoteza mnyumbuko kwa sababu ya gesi iliyonyonywa. Baada ya hapo ni istilahi kama istilahi nyingine yoyote.

Wanafunzi wa fasihi hawana udhuru wa kujitenga na mjadala huu kwa kudhani ni wa wanaisimu. Beti za mwisho za Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyalilia magofu ya Pate, zinautaja moto wa akhera kwa majina yake mbalimbali. Mshairi hakutosheka na neno moja la moto, kwa sababu alitaka msikilizaji aogope kwa usahihi. Karibu na Watamu yapo magofu mengine, ya Gede, yaliyoanza kufukuliwa na James Kirkman mwishoni mwa miaka ya 1940. Humo mna visima, vyoo vya ndani na mifereji ya maji, kazi ya mafundi wa karne nyingi zilizopita. Mafundi hao walikuwa na maneno ya kazi yao. Haiwezekani kujenga namna ile kwa ishara za mikono. Tenzi zilinakiliwa na kuhifadhiwa. Msamiati wa waliochimba visima vya Gede haukunakiliwa na mtu, nao hauwezi kufukuliwa kwa sururu.

Kosa hilo limerudiwa katika zama zetu, tena karibu na hapo hapo. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga majukwaa ya San Marco baharini, wakarusha satelaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Moja kati ya hizo, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 na ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Kiswahili kilipanda angani. Wakenya walifanya kazi katika majukwaa hayo ya feleji, katikati ya chumvi ya bahari na moto wa roketi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Hapana shaka walikuwa na namna yao ya kusema kuhusu bomba lililochoka na nati iliyoliwa. Ni tasnifu ngapi za Kiswahili zilizoandikwa kuhusu usemi wao? Jina Uhuru linajulikana, ni nomino. Vitenzi vilizeeka pamoja na wenyewe.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu kutoka Watamu. Idara za Kiswahili za vyuo vingine vya Kenya na Tanzania huwatuma wanafunzi wao kila mwaka kukusanya methali, nyimbo za harusi na vitendawili, ambavyo vingi vimekwisha kukusanywa mara kumi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili akikaa miezi mitatu katika karakana ya mabomba, akiandika vitenzi tu, kila kitenzi na kitu kinachokitenda na joto au mzigo uliokisababisha, atarudi na data ambayo haimo katika kamusi yoyote. Atahitaji pia kukaa na mhandisi, ili ajue fundi anaposema "imechoka" ni hali zipi mbili au tatu anazozichanganya. Kwa sababu fundi naye huchanganya, na si busara kumfanya mtakatifu.

Kwa maneno yaliyopo tayari, kibandiko cha kiungo cha titani kingeweza kuandikwa hivi: "Kiungo hiki hakiyeyuki kabla ya nyuzi 1,668. Huanza kuchoka mapema sana kabla ya hapo. Kisibebeshwe mgandamizo kupita nyuzi 300. Kikiachwa wazi katika hewa yenye joto la nyuzi 600 na zaidi hukauka, nacho kitapasuka. Hakiliwi na maji ya bahari, ila maji ya chumvi yakituama katika maungio yake kwa joto linalopita nyuzi 80." Fundi yeyote wa Watamu atayaelewa maneno hayo bila kufasiriwa. Lililokosekana ni neno moja tu, la ule upenyo mwembamba kati ya bomba na kiungo ambamo maji hunaswa. Mwanya ni mpana mno, ufa ni kitu kilichopasuka, na tundu ni tundu. Waunda mashua wa Pwani, ambao kazi yao tangu jadi ni kuzitia kalafati nafasi za namna hiyo baina ya mbao na mbao, lazima wana jina lake. Hao nao wako karibu, na bado wanasema.